Babu akikosa pombe anatetemeka: tumkatie au tumwachie?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mhudumu kwenye makao ya wazee nje kidogo ya mji wa Moshi. Tuna wazee 18. Kuna babu mmoja wa miaka 76, zamani dereva wa malori, aliletwa na ndugu zake mwaka jana baada ya mkewe kufariki. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagikia magotini, lakini ikifika saa nne ametulia. Tulikuja kugundua kijana wa bodaboda anamletea pombe kali ndani ya chupa ya maji, kama mililita 200 kwa siku, na babu anamlipa kwenye pensheni yake. Mwezi uliopita msimamizi aliamuru geti lifungwe na yule kijana asikanyage tena. Usiku wa pili babu akaanza kuongea na marehemu mkewe, anapangusa ukutani wadudu ambao sisi hatuwaoni, jasho linamtiririka, akashuka kitandani akaanguka. Tulimpima malaria, hana. Mwenzangu mmoja akampa kidogo ya ile aliyonyang'anywa, baada ya muda akalala. Tangu hapo anakunywa kama zamani na sisi tumegawanyika. Wengine wanasema afukuzwe. Wengine wanasema aachwe amalizie siku zake, miaka 76 atabadilika nini. Jirani ametuletea unga wa kumchanganyia kwenye uji bila yeye kujua, anasema ataichukia pombe. Babu anatumia dawa za presha na za sukari, na goti likimuuma anameza diklofenaki. Halafu kuna wazee wengine ambao Jumapili ndugu zao huwaletea mbege. Je, tupige marufuku kila kitu?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijaeleza lolote nataka mambo mawili. La kwanza, msimkatie babu pombe ghafla tena, hata msimamizi awe amekasirika namna gani. La pili, wiki hii apelekwe hospitali akaangaliwe kichwa. Alianguka usiku akiwa amechanganyikiwa, hamjui kama aligonga, na yeye mwenyewe hawezi kukumbuka. Ubongo hunywea kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda, na wa mnywaji hunywea zaidi. Mishipa midogo ya damu kati ya ubongo na fuvu hubaki imevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Mmoja ukikatika, damu inaweza kuvuja taratibu wiki tatu au nne bila mtu kujua. Mzee anaanza kusinzia mchana kuliko kawaida, analalamika kichwa, anaburuta mguu mmoja, anatafuta maneno, na walio karibu naye wanasema tu "leo amezidisha." Mwaka baada ya mwaka nimeona wazee wakiletwa wakiwa wamechelewa kwa sababu ya sentensi hiyo.

Sasa turudi kwenye ule usiku. Siwalaumu kwa kudhani ni malaria, maana hata sisi tuliosomea tunakosea. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika hospitali moja, alilazwa mzee aliyevunjika nyonga baada ya kuteleza shambani kwake. Siku ya kwanza alikuwa mchangamfu, akitusimulia habari za kahawa na bei zake. Siku ya tatu nilimkuta anaokota kitu kwenye shuka, kwa vidole viwili, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayechagua mchele. Nikamuuliza anaokota nini. "Siafu," akasema, na akaninyooshea mmoja nimshikie. Ndugu walisema amerogwa. Sisi tulisema ni dawa za maumivu, na mwingine akasema ni uzee tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza swali moja jepesi: mzee, nyumbani unakunywa nini, na ni kila siku? Alifariki alfajiri ya siku ya tano. Tangu hapo kila mzee ninayemtibu namuuliza, hata mzee wa kanisa, hata bibi aliyeshika rozari.

Kilichompata babu yenu ni kile ambacho vijana wa mtaani huita arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea kilevi unapokikosa, katika sura yake mbaya zaidi. Wewe uko Moshi, kwa hiyo unaijua mifongo, ile mifereji inayoshusha maji ya mlima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani. Mtu akiziba mfongo kwa magogo na udongo, maji hayaachi kuja. Yanajaa nyuma ya kizuizi. Pombe ni kizuizi cha namna hiyo: inatuliza mishipa ya fahamu, nao ubongo unaozibwa kila siku, miezi na miaka, unaongeza nguvu ya maji ili mtu aweze kusimama, kuongea na hata kuendesha lori. Ndiyo maana babu anakunywa mililita zake 200 na hayumbi. Siku mtakapokizoa kizuizi kwa mkupuo mmoja, maji yote yaliyojaa yatashuka pamoja na kung'oa migomba.

Maji hayo yana ratiba yake. Kama saa sita hadi nane baada ya kinywaji cha mwisho, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Ile chai inayomwagikia magotini ni arosto ndogo ya kila asubuhi, na utulivu wa saa nne maana yake ameshazimua. Kati ya saa 6 na saa 48 mtu anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho. Halafu kati ya siku ya pili na ya nne huja kile mlichokiona: kupayuka, kuona wadudu na marehemu, joto la mwili kupanda, kutojua yuko wapi. Hatua hiyo huua, na mwenye miaka 76 mwenye presha na sukari ana hatari zaidi kuliko kijana. Geti lile lililofungwa kwa nia njema nusura limuue babu. Mwenzenu aliyempa kidogo huenda ndiye aliyemwokoa usiku ule, ingawa mpango wa kumtunza hauwezi kusimama juu ya bahati ya namna hiyo.

Kuna atakayesema mililita 200 ni kidogo. Tupige hesabu. Pombe kali ya asilimia 35, mililita 200, ina kama gramu 55 za pombe yenyewe. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20. Kwa hiyo babu anakunywa karibu bia tatu kila siku. Kwa dereva wa miaka 40 aliyekwisha kula ugali na nyama, watu wataona ni jambo la kawaida. Lakini mwili wa mzee una maji machache, kwa hiyo pombe ile ile inakolea zaidi kwenye damu yake, na ini lake linaisafisha polepole. Marekani wataalamu waliwashauri watu wenye zaidi ya miaka 65, wazima na wasiotumia dawa yoyote, wasizidishe vinywaji 7 kwa wiki, kila kimoja cha gramu 14. Hiyo ni kama gramu 98. Babu kwa wiki anafikisha 385, na dawa anatumia za aina tatu.

Hesabu hiyo ni kama iliyomo ndani ni pombe ya dukani. Tangu viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vipigwe marufuku tarehe 1 Machi 2017, pombe kali inauzwa kwenye chupa, na chupa ina lebo. Chupa ya maji haina lebo. Ikiwa ni gongo, nguvu yake hubadilika kila mapishi, na ikiwa ina methanoli, aina ya pombe yenye sumu, inaweza kumpofusha mtu au kumuua. Mzee aliyekunywa kisha saa kadhaa baadaye akasema anaona ukungu, au macho yake yanaona kama theluji inaanguka, huyo ni wa hospitali saa ile ile.

Kuhusu dawa zake, hapa nina wasiwasi kuliko kwenye pombe peke yake. Usiku mtu akiwa hajala, ini ndilo linalotoa sukari ya akiba. Likiwa linahangaika na pombe, kazi hiyo inasimama. Akiwa anameza dawa ya sukari iitwayo glibenklamidi, sukari inaweza kushuka mpaka azimie, na kwa macho atafanana kabisa na mlevi: anayumba, ulimi mzito, anakasirika ovyo. Kwa hiyo weka sheria moja kwenye makao yenu: hakuna mzee anayeambiwa "amelewa" kabla ya kupimwa sukari kidoleni. Akiwa ni mtu wa metformini, dawa nyingine ya sukari, pombe nyingi pamoja na figo zilizochoka inaweza kuichafua damu kwa asidi. Dawa za presha zikikutana na pombe, akisimama ghafla kizunguzungu kinamwangusha. Na diklofenaki juu ya tumbo linalopokea pombe kali kila siku ni njia fupi ya vidonda kutoka damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri kesho. Muulizeni daktari dawa nyingine ya goti.

Ule unga wa jirani rudisheni. Ninasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu nimewahi kuona matokeo. Ikiwa ni ile dawa ya hospitali iitwayo disulfiramu, ndivyo inavyofanya kazi: mtu akinywa pombe juu yake uso unawaka, moyo unapiga kama ngoma, anatapika, presha inaporomoka. Daktari humpa mtu anayejua, aliyekubali, aliyepimwa moyo. Kumwekea kwa siri mzee wa miaka 76 mwenye sukari na presha, ambaye mnajua atakunywa, ni kumtega. Ikiwa ni mizizi iliyosagwa, hakuna anayejua itafanya nini na dawa zake. Na hata kama isingemdhuru, uji ni kitu anachopokea kutoka mkononi mwako kila asubuhi kwa kuamini. Siku akigundua, hatakula tena chochote mtakachompa, na mtakuwa mmepoteza kitu ambacho hamwezi kukirudisha.

Lingine ninalosikia mno ni kwamba pombe inamsaidia kulala. Inamlaza, kweli. Halafu inamwamsha saa tisa usiku, kibofu kimejaa, kichwa kizito, giza, na safari ya kwenda chooni ndiyo inayovunja nyonga.

Na hilo la "miaka 76 atabadilika nini" nalikataa kwa moyo wote. Wazee wakipata matibabu hufanya vizuri sawa na vijana, na mara nyingi kuwazidi: wanakumbuka miadi, wanameza dawa kwa saa, na wana mengi ya kulinda. Zaidi ya yote, jaribuni kujua alianza lini kunywa namna hii. Kuna mzee aliyekunywa tangu ujana, na kuna aliyekuwa na bia zake za mwisho wa wiki miaka 40, akazika mke, akatolewa kwenye kihamba chake, akawekwa chumba kimoja na mtu asiyemjua, na hapo ndipo chupa ikawa rafiki. Huyu wa pili hupona kwa wepesi zaidi, kwa sababu pombe kwake imekalia nafasi ya kitu kingine, na kitu hicho kina jina. Usiku ule aliongea na nani? Na mkewe.

Kumuuliza kuna namna yake. Ukimwambia "Babu, wewe sasa ni mlevi," atakana, na ana haki ya kukana mbele ya mtu aliye na umri wa mjukuu wake. Kaa naye saa ile ya chai, msaidie kushika kikombe, umuulize taratibu: "Babu, mikono hii inakusumbua mpaka saa ngapi?" Halafu nyamaza. Akisema "mpaka nipate kitu kidogo," mlango umefunguka, na wewe hujamvunjia heshima.

Sasa mfanye nini. Njia ninayoiona sahihi kwa babu huyu ni kulazwa, aachishwe pombe akiwa chini ya macho ya madaktari. Wapo wazee ambao daktari anaweza kukubali waachishwe nyumbani, lakini siyo huyu: amezidi 70, ana sukari na presha, na ameshawahi kupayuka alipokatiwa. Aliyepayuka mara moja anaweza kupayuka tena, na safari nyingine inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa ninyi mlioko Moshi kuna hospitali ya KCMC na kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi. Aliyeko Arusha aanzie hospitali ya Mount Meru. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na matibabu bila malipo kwa asiye na uwezo yalitokana nayo, kwa hiyo nendeni na kitambulisho chake na muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjakata tamaa kwa sababu ya gharama.

Mkifika, sentensi ya kwanza iwe hii: "Anakunywa pombe kali kila siku, alipokatiwa alipayuka, na alianguka." Wengi huona aibu wakaitaja mwisho, au wasiitaje kabisa. Itajeni kabla ya sukari, kabla ya goti. Sababu mojawapo ni vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo kwa sababu anakula kidogo na utumbo wake haunyonyi vizuri, na ubongo hauwezi kutumia sukari bila hiyo. Akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya thiamini, ile kidogo iliyobaki inaweza kuisha, macho yakaanza kucheza, miguu ikakosa mwelekeo, na kumbukumbu ikaharibika moja kwa moja. Daktari anayejua kuwa mgonjwa ni mnywaji ataanza na sindano ya thiamini. Asiyejua hataanza nayo, na kosa halitakuwa lake.

Baada ya hapo watampa dawa ya kutuliza ubongo inayofanya kazi kama pombe inavyofanya, kisha waipunguze siku hadi siku. Ni kuufungua ule mfongo jiwe moja moja. Kwa wazee wengi tunapendelea lorazepamu ikipatikana, maana diazepamu hukaa mwilini mwao siku nyingi na kuwalewesha upya. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua kama wiki. Mmoja wenu akae naye, hasa usiku. Mzee aliyechanganyikiwa akiona sura anayoifahamu na taa ikiwa inawaka hutulia kwa namna ambayo dawa peke yake haiwezi.

Mpaka siku hiyo ya kulazwa, mtamwacha aendelee, ila kwa utaratibu. Najua msimamizi atashangaa kusikia hivi kutoka kwa daktari. Ile chupa ya maji iondoke, ije pombe yenye lebo, kiasi kile kile anachokitumia sasa, kigawanywe kwa saa zinazojulikana na kila mara baada ya chakula. Muandike kwenye daftari: saa ngapi, kiasi gani, amekula nini, mikono ikoje, sukari ngapi, presha ngapi. Msianze kupunguza wenyewe. Kasi ya kupunguza aipange daktari. Huu ni mtumbwi wa kuvukia mto, siku chache tu. Nimeona makao mahali fulani yakibaki kwenye mtumbwi huo mwaka mzima kwa sababu mzee ametulia na hasumbui, na hilo nalo ni kumtelekeza.

Ile hoja ya kumwachia amalizie siku zake ina mahali pake, sitaki kuidharau. Kuna mzee ambaye saratani imeshaenea, wiki zake zinahesabika, na pombe ni sehemu ya faraja aliyobaki nayo. Huyo simtesi kwa kumwachisha, namtunza asianguke na asipate maumivu. Lakini babu yenu anatembea, anakula, anajua bei ya bodaboda. Akipata miaka mingine minane ya akili timamu nani atamrudishia mkiipoteza? Na kumfukuza sidhani hata wanaolisema wanalimaanisha. Atakwenda kukaa wapi, na nani atamwangalia?

Mtasikia pia ushauri wa kumpeleka kwenye nyumba za upataji nafuu. Zipo zinazofanya kazi nzuri, ila nyingi zimejengwa kwa ajili ya vijana, hasa wa dawa za kulevya. Kabla ya kumpeleka kaone kwa macho: kuna vitanda vya ghorofa? Choo kiko umbali gani? Nani anapima sukari usiku? Kama wanapokea mtu kwa kumwachisha siku ya kwanza bila muuguzi wala daktari, huko siko.

Akirudi kutoka hospitali, ndipo kazi yenu inapoanza hasa. Kuna dawa za kupunguza hamu kama naltreksoni. Muulizeni daktari kama inamfaa ini lake na kama inapatikana, maana siyo kila duka la dawa linayo. Lakini nitasema ninachokiamini baada ya miaka yote hii: wazee wengi ninaowaona wakirudia chupa, wanairudia saa zile zile. Mmoja ni saa nne asubuhi, mwingine ni jioni jua linapoingia. Tafuteni saa ya babu. Mtu aliyeendesha lori maisha yake yote hajazoea kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama geti. Makao yenu yana gari la kwendea sokoni? Siku ya kwenda soko la Mbuyuni mkae naye mbele, karibu na dereva, aangalie barabara, aseme gia zimeingia vibaya. Tairi likipungua upepo yeye ndiye aulizwe. Mpelekeni pia kwenye kaburi la mkewe, kama bado hajaenda tangu aletwe kwenu. Ninashangaa jinsi tunavyowahamisha wazee siku chache baada ya msiba, kisha tunashangaa wanakunywa.

Yule kijana wa bodaboda zungumzeni naye, msimfukuze tena. Huenda ndiye mtu pekee anayemtembelea babu kwa jina lake. Mwambieni ukweli wa ule usiku, halafu mwombeni aendelee kuja, alete gazeti, betri za redio, machungwa. Na pensheni ni ya babu. Hamwezi kuishika kwa nguvu kwa sababu tu mnajua itakwenda wapi. Akiwa na akili zake timamu, baada ya hospitali, kaeni naye pamoja na ndugu, akubali mwenyewe nani amsaidie kuitunza, na iandikwe.

Sasa mbege. Hapana, msipige marufuku kila kitu. Mbege ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi ni pombe, asikudanganye mtu kwamba ni chakula tu. Lita moja ya asilimia 4 ina gramu kama 32, na zikifuatana kata tatu nne mzee ameshajaa. Lakini bibi anayeletewa na mwanawe Jumapili, akanywa kata moja baada ya chakula, akaimba, akalala, hana ugonjwa wa babu yenu, na kumnyang'anya ni kumwadhibu kwa kosa la mwingine. Kwa watu wa mlimani ile kata ni kuitwa kwa jina mbele ya ukoo. Wekeni utaratibu tu: inaletwa mezani wakati wa chakula, mbele ya wote, kiasi kinajulikana, na iliyolala siku nyingi au iliyochanganywa na kitu kikali hairuhusiwi. Muuguzi apitie orodha ya dawa kwanza, kwa sababu mzee anayemeza vidonge vya usingizi hapaswi kunywa, na anayetumia metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, asubiri amalize dozi na siku tatu zaidi.

Babu akisharudi, yeye kata hiyo hatainywa. Mtu aliyefikia hatua ya kupayuka hana kiasi kidogo kilicho salama, na hili aambiwe waziwazi na daktari, siyo na ninyi. Ila asikalishwe pembeni kama mtoto aliyekatazwa. Mtengenezeeni togwa ya siku ile ile, isiyolala ikachacha, kiasi kidogo kwa sababu ya sukari yake, na iwekwe kwenye kata, na akiwa ndiye mkubwa kwa umri apewe wa kwanza. Miezi ya mwanzo harufu ya mbege inaweza kumzidi nguvu. Muulizeni Jumamosi jioni kama kesho angependa kuwepo au angependa kwenda na gari.

Kabla ya yote haya, akipata degedege, akiwaka joto na kupayuka, akitapika damu, upande mmoja wa mwili ukilegea, au mkashindwa kumwamsha, msisubiri miadi wala asubuhi. Mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mpimeni sukari, na safari ianze. Sukari ikiwa chini na hajitambui, msimnyweshe kitu kinywani. Ikiwa anameza vizuri, mpeni kinywaji chenye sukari, na wahudumu wa hospitali muwaambie mmempa.

Siku mtakayompeleka, beba lile daftari, dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na ile chupa yenyewe waione. Na yule mwenzako aliyempa kidogo usiku ule, aende naye. Naamini anaogopa kwamba atalaumiwa. Mwambieni hatalaumiwa, na kwamba babu akiamka usiku wodini hajui yuko wapi, sura yake ndiyo atakayoitambua.